Chekechea ya Serikali: Njia ya Tanzania Bara, ya Kenya na ya Zanzibar, Tudai Ipi?

Ulinganisho huu ni wa diwani, mwakilishi wadi, mjumbe wa kamati ya shule na mzazi yeyote atakayesimama mkutanoni kusema neno kuhusu watoto wa miaka minne na mitano: wafundishwe na nani, kwa fedha ya nani? Mwaka 2022, mjini Tashkent, nchi zilizokutana chini ya mwavuli wa UNESCO zilikubaliana kwamba angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwenye elimu ya awali, yaani chekechea. Sisi majirani hatukuchagua njia moja ya kuifikia ahadi ya namna hiyo, na tofauti zetu zinatosha kumfundisha mtu bila kwenda mbali.

Kwa kifupi, njia zenyewe ni hizi.

| | Tanzania Bara | Kenya | Zanzibar |
|---|---|---|---|
| Mwenye jukumu | Serikali kuu, kupitia TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na halmashauri | Serikali za kaunti 47 | Serikali ya Mapinduzi, pamoja na jamii na watu binafsi |
| Muda | Mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza | Miaka miwili, PP1 na PP2 (mwaka wa kwanza na wa pili wa chekechea) | Miaka miwili |
| Darasa lilipo | Ndani ya shule ya msingi au shule shikizi (tawi dogo la shule ya msingi) | Kituo cha kaunti, mara nyingi ndani ya uwanja wa shule ya msingi | Shule ya serikali, kituo cha jamii, madrasa au shule binafsi |
| Mwajiri wa mwalimu | Serikali, kwa ngazi moja ya mshahara nchi nzima | Kaunti, kila moja kwa masharti yake | Serikali kwa shule zake. Vituo vingine hujitegemea |
| Ada | Imefutwa katika shule za serikali | Hutegemea kaunti | Hutegemea aina ya kituo |

Jedwali halitoshi, kwa sababu mambo mazito yamejificha kwenye safu ya mwajiri. Ndiyo maana nitakaa hapo kuliko pengine.

Tulivyofika hapa

Kenya ilianza na harambee. Kwa miaka mingi wazazi walijenga nasari wenyewe na kumlipa mwalimu kwa karo yao. Serikali ilitoa mtaala, mafunzo na ukaguzi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na wanafunzi wa shule za msingi wakapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka huo mmoja. Nasari hazikuguswa na mpango huo. Mzazi akajikuta analipia mtoto wa miaka mitano huku wa miaka saba akisoma bure, na wengi wakafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye kipato kidogo angeifanya: wakamwondoa mdogo nasari, wakamsubirisha nyumbani au wakampeleka moja kwa moja darasa la kwanza. Kisa hiki napenda kukitaja kila mahali, kwa kuwa kinaonyesha kwamba kuifadhili ngazi moja na kuiacha ya chini yake kunaweza kuibomoa ile ya chini.

Katiba ya 2010 ikabadilisha mwenye mzigo. Jedwali la Nne liliiweka elimu ya chekechea, pamoja na vituo vya kulelea watoto na vyuo vya ufundi vya vijijini, mikononi mwa kaunti. Tangu 2013 gavana na bunge la kaunti ndio wanaoulizwa.

Tanzania Bara ilikwenda kinyume chake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilikwisha kuagiza madarasa ya awali yawe sehemu ya shule za msingi. Sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukafuta ada kuanzia Januari 2016. Watu waliitika: walioandikishwa walikuwa milioni 1 na kidogo mwaka 2015, wakavuka milioni 1.5 mwaka 2016. Hakuna kampeni ya uhamasishaji ingeleta watoto wengi hivyo ndani ya mwaka mmoja. Ada ndiyo ilikuwa kizuizi, na ilipoondoka watoto wakaja.

Zanzibar, kwa sera yake ya elimu ya 2006, iliingiza miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima ya miaka kumi na miwili. Kwa maandishi ndiyo ahadi pana kuliko zote tatu. Shule za serikali hazikutosha kuibeba, kwa hiyo nafasi ikazibwa na madrasa zilizogeuzwa kuwa chekechea, kazi iliyoanzia Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kuvuka kuja Visiwani mwaka 1990. Baadaye vikaja vituo vya Tucheze Tujifunze, vinavyojulikana kama TUTU, ambako watoto walikusanyika chini ya mlezi wa kijijini na kufuata vipindi vya redio.

Mwalimu: nani anamlipa, na anaweza kuhamishwa na nani

Chekechea inaweza kuishi bila jengo zuri. Inaweza kuishi kwa muda hata bila vitabu, maana vizibo vya soda, mbegu na vijiti vinafundisha kuhesabu vizuri kabisa. Bila mtu mzima aliyesomea kazi hii na anayerudi kila asubuhi, haiwezi kuishi. Mshahara ndio unaomrudisha.

Kwa hilo Tanzania Bara inaongoza, na ninalisema bila kusita. Mwalimu aliyeajiriwa na serikali Kagera analipwa kwa ngazi ileile ya mwenzake wa Mtwara. Ana likizo, ana mfuko wa pensheni, na mapato ya halmashauri yake yakishuka mwaka huu mshahara wake hauyumbi. Halmashauri maskini haimpotezi mwalimu kwa sababu ya umaskini wake.

Udhaifu uko upande wa pili wa mlango huohuo. Kwa kuwa darasa la awali limo ndani ya shule ya msingi, mwalimu wake ni mali ya shule nzima. Darasa la saba likikosa mwalimu wa hisabati mwezi Agosti, macho ya mwalimu mkuu yanaelekea wapi? Darasa la saba lina mtihani wa taifa na matokeo yake hutangazwa. Watoto wa awali hawana mtihani, wala hakuna ofisa atakayempigia simu mwalimu mkuu kuuliza wamefikia wapi. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini baada ya 2016 takwimu za elimu za serikali yenyewe zilionyesha, kwa wastani wa shule za umma, zaidi ya watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Tukichukua asubuhi yenye urefu wa saa nne, mwalimu wa watoto 100 ana kama dakika mbili na nusu kwa kila mmoja. Angekuwa na 25, zingekaribia kumi. Mtoto wa miaka mitano anajifunza kwa kusemezwa, na dakika mbili na nusu hazitoshi hata kumfunga kamba za viatu.

Kenya imelitatua tatizo hilo na kuzalisha jingine. Mwalimu wa PP1 ni wa PP1. Mwalimu mkuu wa shule jirani hana mamlaka ya kumpeleka madarasa ya juu, kwa kuwa hata mwajiri wao ni tofauti. Mwalimu mkuu yuko chini ya Tume ya Huduma za Walimu, wa chekechea yuko chini ya kaunti. Kaunti nyingi ziliajiri walimu waliokuwa wakitegemea karo za wazazi, na hiyo ilikuwa haki iliyochelewa miongo. Ila masharti yanatofautiana kaunti kwa kaunti. Walimu wawili wenye cheti kimoja, mmoja kila upande wa mpaka wa kaunti, wanaweza kulipwa mishahara isiyofanana. Mmoja akawa na ajira ya kudumu, mwenziwe akaishi kwa mkataba unaohuishwa kila baada ya muda. Na Hazina ya kitaifa inapochelewesha mgao, kaunti nzima husubiri, mwalimu wa nasari akiwemo.

Zanzibar ina pande mbili kali. Shule ya serikali ina mwalimu wa serikali. Kituo cha kijijini kwa kawaida kina mlezi anayejitolea, mara nyingi msichana aliyemaliza sekondari, ambaye jamii humpa kidogo inachoweza. Nawaheshimu sana walezi hawa. Lakini kujitolea si sera ya ajira, na kila anayeolewa mbali au kupata kazi mjini anaondoka na mafunzo yote aliyopewa.

Fedha: ina jina lake kwenye bajeti?

Hapa Kenya inashinda. Elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti kikatiba, kwa hiyo ina idara, ina waziri wa kaunti na ina fungu linaloonekana. Mwananchi anaweza kufungua makadirio ya kaunti yake akaona kilichotengwa, halafu akafungua ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti akaona kilichotumika. Mambo hayo mawili mara nyingi hayalingani, lakini unaweza kuyaona na ukauliza.

Kwa upande wa Bara, fedha za awali zimefungwa katika kifurushi kimoja na za msingi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 inakwenda shuleni na 4,000 inabaki kwa ajili ya vitabu. Shule basi inapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kiwango hicho kilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, wakati 10,000 ilikaribia dola kumi za Marekani. Leo haifiki hata dola tano. Kipande hicho kinapofika shuleni, kamati haina sharti la kutenga chochote kwa watoto wa awali, na chaki za mitihani ya darasa la nne hununuliwa kwanza. Mjumbe wa kamati anayesoma makala haya anaweza kuanzia hapo hapo kabla hata ya kwenda halmashauri: omba mgawanyo wa ruzuku ya robo mwaka iliyopita, uone watoto wa awali walipata nini.

Kenya nako kuna shimo. Serikali ya kitaifa hutoa shilingi 1,420 za Kenya kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Watoto wa PP1 na PP2, walio kwenye uwanja uleule, hawamo. Mgao wa kaunti kutoka Nairobi, ambao katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, hauji na sharti la chekechea: kaunti inaweza kuuweka barabarani, hospitalini au kwenye mishahara ya makao makuu. Baadhi zimetoa mgao kwa kila mtoto na kufuta karo. Nyingine zimeuacha mzigo kwa mzazi. Kwa maneno mengine, haki ya mtoto inategemea gavana aliyechaguliwa. Naliona hilo kuwa kosa kubwa zaidi la njia ya Kenya. Katika kifungu cha 53, katiba hiyohiyo inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, bila kuuliza amezaliwa kaunti gani.

Ugatuzi pia umependelea majengo. Darasa jipya lenye rangi na jina la mradi linaonekana kutoka barabarani, na linaweza kuzinduliwa. Mkataba wa kudumu wa mwalimu hauzinduliwi. Bara nako, mpango wa BOOST, mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia kwa elimu ya awali na msingi, umeleta madarasa ya mfano ya awali yenye samani za kimo cha watoto na vifaa vya michezo. Ni mazuri kweli, na mtoto akiingia humo unaona uso unavyofunguka. Swali la kuuliza siku ya kukabidhiwa ufunguo ni idadi ya walimu waliokuja pamoja na jengo.

Kuhusu wafadhili, Zanzibar inatupa onyo. Vipindi vya redio vya TUTU vilianza kwa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, katikati ya miaka ya 2000, na vilifikisha masomo vijijini ambako shule ya serikali ingechelewa sana. Mwaka 2025 shirika hilo lilifungwa. Kijiji chochote kinachokubali kituo cha mfadhili kinapaswa, tangu mwanzo, kuandikiana na serikali mwaka ambao mlezi ataingia kwenye orodha ya mishahara ya umma.

Uji

Hili haliingii katika mijadala ya sera kwa uzito unaostahili. Mtoto wa miaka minne aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni hasikilizi hadithi.

Nairobi ndiyo iliyofanya jambo kubwa zaidi katika eneo letu. Mpango wa Dishi na County, uliozinduliwa Juni 2023 kwa ushirikiano na shirika la Food4Education, hupika katika majiko makubwa ya pamoja na kupeleka chakula cha mchana shule za umma, watoto wa chekechea wakiwemo. Mzazi huchangia shilingi tano za Kenya kwa sahani. Linawezekana kwa sababu kaunti ina bajeti yake na uamuzi wake. Ila tukumbuke kwamba katika mitaa ya mabanda watoto wengi wa umri huu wako shule binafsi za bei nafuu, kwa kuwa vituo vya umma ni vichache huko.

Bara, chakula ni makubaliano ya wazazi: debe la mahindi, maharage, zamu ya kuni na fedha ya mpishi. Kijiji chenye mwenyekiti makini na mavuno mazuri hupika mwaka mzima. Kijiji cha jirani hakipiki, na hakuna anayewajibishwa. Serikali ina mwongozo wa chakula shuleni, lakini mwongozo haununui unga.

Umbali

Kumpeleka mtoto wa miaka mitano shule ya msingi iliyo kilomita tatu ni kumpeleka mbali mno, na njiani kuna mto na pikipiki. Bara imejibu kwa shule shikizi: madarasa machache kwenye kitongoji yanayolelewa na shule mama hadi yakue. Kwa wakulima na wafugaji waliotawanyika hili ni jibu zuri kuliko basi au bweni. Kenya inaweza kujenga karibu kwa sababu kaunti haifungwi na shule ya msingi, lakini ardhi ya umma ni ngumu kupata, hivyo nyingi huishia kwenye uwanja wa shule iliyopo. Vituo vya jamii vya Zanzibar ndivyo vilivyo karibu zaidi na mlango wa nyumba.

Basi tudai ipi?

Ningelazimishwa kuchukua moja jinsi ilivyo, ningechukua ya Tanzania Bara. Mshahara unaotoka serikali kuu na ada iliyofutwa nchi nzima vinamlinda mtoto wa wilaya maskini, na huyo ndiye anayeumia kwanza mambo yakiachwa kwa kila eneo lijitegemee. Msongamano ni mbaya, lakini unaweza kupunguzwa kwa kuajiri. Tofauti ya uwezo kati ya kaunti tajiri na kaunti kame haipungui kwa nia njema ya gavana.

Lakini si kila msomaji yuko mahali pamoja, kwa hiyo madai yatofautiane.

Kama uko Kenya, kwenye kaunti yenye mapato na bunge linalosikiliza, usipoteze nguvu kudai chekechea irudi Nairobi. Tumia ulichonacho. Makadirio ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na kabla yake lazima wananchi washirikishwe. Nenda na hoja mbili tu: ajira ya kudumu kwa walimu, na mgao kwa kila mtoto utakaofuta karo. Acha majengo mapya mpaka hayo mawili yajibiwe. Ukiwa kaunti kame, hoja yako impelekee seneta pia: fedha yenye sharti, itakayotoka kwa taifa kwa ajili ya PP1 na PP2 pekee.

Kama uko Bara, mlango ni mkutano mkuu wa kijiji unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu, kisha baraza la madiwani. Dai mwalimu wa awali asiyegeuzwa kuwa wa ziada wa madarasa ya juu, na sehemu ya ruzuku iandikwe kwa jina la darasa la awali kwenye ubao wa matangazo. Programu ya taifa ya malezi ya watoto wadogo, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, imewaweka maofisa wa ustawi na maendeleo ya jamii ndani ya suala hili. Waulize halmashauri imetenga kiasi gani kutoka mapato yake ya ndani.

Kama uko Zanzibar, au kisiwa na kitongoji chochote ambako shule ya serikali haijafika, anzeni na kituo cha jamii bila kungoja. Mtoto aliyefikisha miaka minne leo hatasubiri bajeti ya mwaka kesho kutwa. Andikeni majina ya watoto wote wa umri huo, tafuteni mlezi mmoja na msaidizi wake, halafu pelekeni orodha hiyo kwa ofisa elimu pamoja na barua inayoomba mlezi apelekwe mafunzo ya ualimu na aajiriwe.

Na popote ulipo, mtu akikuonyesha ramani ya darasa jipya, muulize mshahara wa mwalimu umo kwenye kasma (fungu la bajeti) ipi, na wa mwaka gani.